Baluni za upepo haziongezi tani

Pale gereji za Ngamiani, Tanga, utasikia mtu akimwambia fundi: "Nifungie baluni za upepo nyuma, pikapu ibebe tani mbili." Baluni hizi ni mifuko ya mpira inayojazwa upepo, hufungwa kati ya ekseli na chesisi kusaidia springi. Imani kwamba zinaongeza uwezo wa kubeba ni ya siku nyingi, na naelewa inakotoka. Gari lililokuwa limekalia makalio kwa machungwa ya Muheza, ukilijaza upepo linanyanyuka, taa zinaacha kumulika minazi, usukani unatulia. Macho yanasema uzito umepungua.

Haujapungua hata kilo. Kiwango cha mzigo alichoweka mtengenezaji kinategemea pia ekseli (mhimili wa magurudumu), beringi, breki, matairi na chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari), na hivyo vyote vimebaki vilevile.

Chesisi ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Springi za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, hushika chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, kwa hiyo uzito unagawanyika. Baluni hukaa katikati, juu ya ekseli, na kusukuma sehemu moja. Ukizidisha mzigo, hasa ule unaoning'inia nyuma ya bodi, kisha upige shimo, chesisi inaweza kupinda au kupasuka papo hapo.

Kazi halali ya baluni ni kusawazisha gari lenye mzigo ndani ya kiwango. Baluni ya kila upande iwe na bomba lake la kujazia upepo. Ukiunganisha baluni mbili kwa bomba moja, kwenye kona upepo unakimbilia baluni ya pili na gari linalala zaidi. Viungio vya mabomba vipake povu la sabuni: kikitoa mapovu, kinavuja.