SACCOS, kikoba, BMU, sungusungu: majina tunayoyachanganya kando ya ziwa

Mwanza neno "chama" linabeba mizigo mingi. Mtu wa Igombe akisema "leo tuna kikao cha chama" anaweza kuwa anakwenda kwenye siasa, kwenye kikoba, kwenye ushirika wa pamba au kwenye msiba. Kwa mazungumzo ya kijiweni haina neno. Shida inaanza pesa zikipotea au mtu akikamatwa, maana kila aina ya umoja ina ofisi yake, na ukikosea jina utazungushwa mlango hadi mlango.

"SACCOS, VICOBA na upatu ni kitu kilekile." Hii ndiyo dhana inayowaumiza watu kuliko zote, hasa akina mama wa dagaa pale Kirumba. SACCOS ni chama cha ushirika wa akiba na mikopo: kina bodi iliyochaguliwa, kina mkutano mkuu, na kinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kikoba ni kikundi cha kijamii. Wanachama wananunua hisa, wanakopeshana kwa riba waliyojipangia, na wengi mzunguko ukiisha wanavunja kikoba na kugawana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliviweka mbalimbali: SACCOS daraja la tatu, vikundi daraja la nne, na Benki Kuu ikakasimu usajili wa vikundi hivyo kwa halmashauri. Kwa hiyo mwenye ugomvi na kikoba chake asijichoshe kwa afisa ushirika. Aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii.

Na upatu? Huo ni mchezo: kila mmoja anatoa kiasi kilekile, mmoja anapokea chote, zamu inazunguka. Hakuna akiba inayobaki wala mkopo wa kuombwa, na watu wanaojuana wakicheza hawana kosa. Kosa ni ule mwingine, unaoahidi faida kutokana na fedha za watu wapya utakaowaleta. Nao unaitwa upatu, lakini Kanuni ya Adhabu inauhesabu kuwa jinai. Matapeli wanapenda sana neno hilo moja libaki na maana mbili.

Kwenye mialo, BMU (Beach Management Unit) huitwa "chama cha wavuvi". Sivyo. BMU ni kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakitambua. Ndani yake hawamo wavuvi peke yao: wamo wenye mitumbwi, wachuuzi wa samaki, wachakataji, hata mafundi wa mitumbwi. Kazi yake ni kushirikiana na serikali kulinda ziwa dhidi ya nyavu haramu, kokoro na sumu. Chama cha wavuvi kingekuwa cha kutetea maslahi ya wavuvi. Ndiyo maana kijana wa kambini anayedhulumiwa mgawo na tajiri wake akienda BMU mara nyingi hutoka na nasaha tu, akadhani amesalitiwa. Tena tajiri mwenyewe huenda ni mjumbe.

Ushirika wa pamba nao una uongo wake: kwamba ulizaliwa na Ujamaa. Azimio la Arusha ni la 1967. Wakulima wa Kanda ya Ziwa walikuwa na shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions, tangu 1955, chini ya Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Serikali ndiyo iliyovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, kisha sheria ya 1982 ikavirudisha. Chama Kikuu cha Nyanza kikafuata mwaka 1984. Kingine kisichojulikana sana: wanachama wa chama kikuu ni vyama vya msingi, siku hizi AMCOS. Mkulima ni mwanachama wa AMCOS yake, na sauti yake inafika juu kupitia wajumbe.

"Sungusungu ni mgambo." Hapana. Mgambo wanapewa mafunzo na jeshi. Sungusungu, walinzi wa jadi, walianzishwa na wanakijiji wenyewe, Usukuma na Unyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe walipokuwa wakiibwa kila kukicha. Sheria iliwatambua mwaka 1989. Kutambuliwa huko hakukuwapa mahakama: wanakamata na kukabidhi, hawachapi wala kutoza faini za kujitungia.

Wapo pia wanaosema umoja usio na cheti si umoja. Wakaulize Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, kuhusu Bagika na Bagalu. Wageni hudhani ni makabila. Ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, vilivyotokana na ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, katika karne ya 19. Vina viongozi, vina dawa, vina wafuasi wanaorithi upande wa wazazi wao. Msajili gani aliwahi kuwaandikisha?

Genge nalipita haraka: hapa kwetu genge ni pa kununulia nyanya, hadi polisi waliongezee "la wahalifu".

Limebaki la kamati. Watu husema "kamati wamekula hela". Kwenye muhtasari iandikwe "kamati imeamua", kwa kuwa inasema kama chombo kimoja. Hela zilizotoka benki bila kikao ni habari ya wanakamati, na fomu ya kutolea fedha ina majina ya waliosaini.