Je, wajua kwa nini mpira wa gofu hukata kulia, na mkono wa kushoto unahusika vipi?

Mpira unaondoka vizuri, halafu katikati ya safari unakata kulia na kuzama mitini. Wachezaji huuita mpigo huu slaisi. Wengi hulenga kushoto zaidi ili kufidia, na hapo ndipo wanapojiharibia: fimbo hupita ikikata kutoka nje, mbali na mwili, kuja ndani, na mpira hupinda zaidi.

Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya milisekunde tu. Uso wa fimbo, yaani sehemu inayogonga mpira, ukitazama kulia kwa njia ambayo fimbo inapita, mpira huzunguka ukiwa umelalia kulia, na hewa huusukuma huko. Dreva, fimbo ya mipigo mirefu, husumbua kuliko namba 9, fimbo ya chuma ya mipigo mifupi, kwa sababu uso wake umesimama. Ule wa namba 9 umelala, kwa hiyo mpira huzunguka zaidi kurudi nyuma na kupinda kidogo.

Kabla ya kurekebisha mabega au kiuno, angalia mshiko. Kwa anayetumia mkono wa kulia: weka uso wa fimbo uelekee shabaha kwanza, ndipo ushike. Mpini ulale kwenye mashina ya vidole vya mkono wa kushoto, usikatize katikati ya kiganja. Funga mkono, tazama chini. Ukiona kifundo kimoja tu cha vidole, mshiko ni dhaifu: uso huelekea kubaki ukitazama kulia unapopiga. Geuza mkono kulia hadi uone viwili au vitatu. Umbo la V kati ya kidole gumba na cha shahada lielekee bega la kulia. Kiganja cha kulia kifunike gumba la kushoto.

Kosa kubwa ni kugeuza mkono pamoja na fimbo. Uso nao unageuka, nawe ukiurudisha sawa mkono unarudi ulikotoka, hakuna kilichobadilika. Kosa jingine ni kuukaba mpini: misuli ikikaza, uso hauwahi kujifunga, yaani kurudi kutazama shabaha. Kagua pia glavu. Ikichakaa upande wa chini wa kiganja, mpini unateleza kiganjani.

Anza na namba 7, mikono ifike usawa wa kiuno tu, mipira 20 hivi, ukishika upya kila mara. Mwanzoni mpira utaenda kushoto. Vumilia, ila ukiona vifundo vinne umezidisha. Kama mpira bado unaanzia kushoto kisha unakata kulia, mshiko si tatizo pekee: sasa shughulikia njia ya fimbo.