Maumivu kama sababu ya kutenda

Saa nane za usiku jino linauma. Umekaa kitandani, umeshika shavu, karafuu umeibana pale palipotoboka. Mwenzio akiuliza mbona unahangaika kutafuta dawa saa hizi, unamjibu, "Jino linaniuma," na hapo hana swali tena. Wanafalsafa wanalo moja: kwa nini jibu hilo linatosha?

"Sababu" hapa si kile kilicholiozesha jino. Ni kile kinachofanya kutafuta dawa kuwe jambo la haki na la akili.

Wapo wanaosema sababu zote za kutenda hutoka kwenye matakwa ya mtu: una sababu ya kunywa dawa kwa kuwa unataka maumivu yaishe, basi. Wengi wao humfuata David Hume, Mskoti wa karne ya 18, aliyeandika kwamba si kinyume cha akili mtu kuona heri dunia nzima iangamie kuliko kidole chake kukwaruzwa.

Mwaka 1984 Mwingereza Derek Parfit alimbuni mtu wa ajabu. Huyu huyajali maumivu kama sisi, ila yale ya Jumanne zijazo hayamshughulishi hata kidogo. Mpe achague: kuumwa kidogo Jumatatu, au kuteswa vikali Jumanne. Atachagua Jumanne, huku akijua kuwa ikifika atalia kama mtu mwingine yeyote. Kama matakwa ndiyo chanzo cha sababu zote, hajakosea. Lakini amekosea, na kila aliyewahi kuumwa jino analiona hilo. Kwangu mimi hoja hii ina nguvu sana: mateso yale yenyewe ni sababu, ayajali leo asiyajali.

Hata hivyo "maumivu" yana tabaka mbili. Wapo wagonjwa walioumia sehemu fulani ya ubongo; ukiwachoma sindano husema inauma, lakini hawasumbuki, na pengine hutabasamu. Hisi ipo, uchungu haupo. Kwa hiyo kinachotoa sababu ni ule uchungu, yaani kuichukia hisi wakati huo huo inapokupata. Parfit alishikilia kwamba chuki hiyo si sawa na kutaka jambo fulani litokee, kwa hiyo haiturudishi kwenye matakwa.

Thomas Nagel, Mmarekani, alikwenda mbali zaidi: maumivu ni mabaya, si mabaya kwa anayeumwa tu. Ndiyo maana mtu wa chumba cha pili akikusikia unagumia huamka, akawasha taa, akaanza kutafuta dawa kabla hajajua ni nani anayeumwa.