Injini ya Mvuke Inapokimbia: Dhana Potofu Kuhusu Vizimio Vyake

Mkanda mkuu wa kiwanda ukikatika, au swichi kubwa ya jenereta ikiachia, injini ya mvuke hubaki na nguvu zake zote lakini haina tena kazi ya kuzimaliza. Mvuke unazidi kuingia, mwendo unapanda, na hatima ya mtambo na ya watu walio karibu nao huamuliwa ndani ya sekunde chache. Vizimio vya dharura, yaani vifaa vinavyoikatia injini mvuke, viliwekwa kwa ajili ya sekunde hizo. Vingine ni vyuma na springi tu, vingine vinatumia umeme, vingine mafuta yenye shinikizo. Mengi husemwa juu yake na watu wanaofanya kazi navyo kila siku, na baadhi ya hayo ni ya hatari sana, kwa sababu mtu anaweza kuyaamini kwa miaka mingi bila kupata dhara lolote.

“Gavana ipo, inatosha”

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Gavana ya mipira inayozunguka, ile ambayo James Watt aliiweka kwenye injini zake mwaka 1788, kazi yake ni kusawazisha mwendo. Mwendo ukizidi, mipira hutanuka na kupunguza mvuke. Ukipungua, mipira hushuka na mvuke huongezwa. Injini nyingi za viwandani ziliendesha gavana kwa mkanda mdogo uliotoka kwenye shafti kuu. Sasa fikiria mkanda huo umekatika. Mipira inapoteza mwendo na kushuka. Gavana haina namna ya kujua kwamba mkanda umekatika. Kwake mipira iliyoshuka ni dalili ya injini iliyoelemewa na mzigo, kwa hiyo inafungua mvuke wote. Kifaa kilichowekwa kuizuia injini isikimbie ndicho kinachoikimbiza.

Waliounda injini za aina ya Corliss waliliona tatizo hili wakaweka kamu za usalama, yaani vipande vya chuma vyenye nundu. Gavana ikishuka hadi chini kabisa, kamu hizo huzuia ndoana zisikamate valvu za kuingizia mvuke, na injini hukosa mvuke. Ni ubunifu mzuri, ila una mtego wake. Injini ikiwa imesimama gavana nayo iko chini, kwa hiyo bila msaada isingewaka kamwe. Ndiyo maana kuna pini au kola ya kuinyanyua gavana kidogo wakati wa kuwasha, ambayo lazima iondolewe mara injini inapofikia mwendo wake. Mwendeshaji akiisahau, gavana haiwezi tena kushuka hadi zilipo kamu, na ulinzi wote umekufa. Injini itafanya kazi vizuri kabisa siku hiyo na siku zinazofuata. Hakuna mlio, hakuna mtikisiko, hakuna chochote cha kumkumbusha.

Njia nyingine ilikuwa puli ndogo inayoegemea mkanda wa gavana: mkanda ukikatika, puli inaanguka na kuachia valvu ifunge. Kwenye turbini, mtambo ambao mvuke huzungusha mapanga yake badala ya kusukuma pistoni, wazo ni lilelile, kwamba kizimio kiwe na macho yake na mkono wake, kisiazime chochote kwa gavana. Ndani ya shafti ya turbini huwekwa pini ambayo uzito wake umeelemea upande mmoja, ikishikiliwa na springi. Mwendo ukifika karibu asilimia 110 ya ule wa kawaida, nguvu ya kuivuta nje inaishinda springi, pini inachomoza, inagonga mkono, na mkono unaachia valvu ya kufungia. Haihitaji mkanda wala waya.

“Mwendeshaji mzoefu ataifunga kwa mkono”

Nina heshima kubwa kwa waendesha mitambo. Kinachokataa hapa ni hesabu. Chukua jenereta ya turbini ambayo nishati iliyohifadhiwa katika sehemu zake zinazozunguka ni sawa na sekunde 4 za nguvu kamili ya mtambo, kiwango ambacho ni cha kawaida. Mwendo ukipanda kwa asilimia 10, nishati hiyo inakuwa imeongezeka kwa asilimia 21. Mzigo ukitoka wote huku valvu ziko wazi, ongezeko hilo hupatikana kwa muda usiofika sekunde 1. Injini ya pistoni yenye flaiwili nzito, lile gurudumu kubwa la kutuliza mwendo, hukupa nafasi kubwa zaidi, lakini valvu kuu ya kuzungushwa kwa mkono nayo inataka muda wake, na mwendeshaji huenda yuko upande wa pili wa jengo akitia grisi. Na kumwambia mtu aikimbilie injini inayokaribia kupasuka ni kumtuma kwenye kifo.

Kuna sababu nyingine ya kutotegemea mkono mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vingi vilifunga vitufe vya umeme sehemu mbalimbali za jengo ili injini iweze kuzimwa kutoka mbali. Kilio kikubwa hapo hakikuwa injini kukimbia. Ilikuwa ni watu kunaswa na mikanda na shafti ghorofa za juu, ambako sauti yao isingefika chumba cha injini.

“Flaiwili nene haipasuki”

Dhana hii inaeleweka, kwa kuwa katika mambo mengi chuma kinene ni chuma imara. Kwenye ukingo wa gurudumu linalozunguka sivyo. Kila kilo unayoongeza ili kuimarisha ukingo nayo inavutwa nje kwa nguvu yake yenyewe, hivyo mkazo ndani ya chuma unabaki palepale. Unaoamua mkazo huo ni uzani wa chuma kwa ujazo na mwendo wa ukingo ukizidishwa kwa wenyewe. Unene haumo.

Tuseme flaiwili ina kipenyo cha mita 6 na inazunguka mara 90 kwa dakika. Ukingo wake unakwenda mita 28 hivi kwa sekunde, na wahandisi wengi wa zamani hawakupenda chuma cha kusubu kivuke mita 30. Kipande cha ukingo chenye kilo 100 kinavutwa nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 2.7. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo inakuwa mara nne: karibu tani 11 kwa kipande kilekile.

Udhaifu mkubwa uko kwenye maungio. Mwishoni mwa karne ya 19, Profesa Charles Benjamin wa Cleveland, Marekani, alipasua flaiwili ndogo za chuma cha kusubu kwa makusudi ili aone zinavumilia kiasi gani. Zenye ukingo wa kipande kimoja zilifika karibu mita 120 kwa sekunde. Zilizounganishwa kwa bolti katikati ya mikono ya gurudumu zilivunjika kwa takriban nusu ya mwendo huo. Flaiwili kubwa za viwandani karibu zote zilikuwa za vipande vilivyounganishwa, kwa sababu gurudumu la mita 6 halisafirishiki likiwa zima.

“Valvu ya usalama ya boila itaokoa”

Valvu ya usalama huangalia shinikizo ndani ya boila, haijui injini inazunguka vipi. Injini inaweza kukimbia hadi ikasambaratika huku shinikizo likiwa la kawaida, tena likishuka kwa sababu mvuke unatumika kwa pupa. Plagi ya kuyeyuka nayo ina kazi yake tofauti, ya kutoa onyo maji yakipungua juu ya tanuri. Bati safi lililomo huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, lakini ukoko wa chumvi ukilifunika, au plagi ikiachwa miaka bila kubadilishwa, haina uhakika. Hata ikiyeyuka vizuri, usitarajie izime moto wa boila kubwa.

“Valvu ikifunga, injini imesimama”

Valvu ya kufungia huzuia mvuke ulio nyuma yake tu. Ule uliokwisha pita bado unafanya kazi. Katika injini zenye silinda za hatua mbili au tatu kuna chombo kati ya silinda na silinda, na mvuke uliomo unaendelea kusukuma pistoni za shinikizo dogo. Injini yenye kondensa, chombo cha kupoza mvuke uliotumika uwe maji, ina jambo la ziada: ombwe linaendelea kuvuta hata mvuke ukikatwa, na kondensa ya kunyunyizia maji inaweza kurudisha maji hadi ndani ya silinda. Maji hayabanwi. Pistoni ikiyakuta, kinachovunjika ni kifuniko cha silinda au fito ya pistoni. Kwa hiyo mfumo uliopangwa vizuri unafunga mvuke na kuvunja ombwe kwa pamoja.

Turbini kubwa zina mlango mwingine ambao wengi huusahau. Mvuke huchotwa katikati ya turbini ili kupasha moto maji yanayokwenda boila. Shinikizo ndani ya turbini likianguka ghafla, maji ya moto kwenye vipasha joto huchemka na kugeuka mvuke unaorudi ulikotoka. Ndiyo kazi ya valvu za njia moja kwenye mabomba hayo. Zikiganda wazi, turbini inalishwa kwa mlango wa nyuma huku mlango wa mbele umefungwa.

“Vipo vitatu, havitashindwa vyote”

Vitatu vya aina moja, vinavyotumia mafuta yaleyale na kusahauliwa kwa pamoja, vinaweza kushindwa kwa pamoja. Tarehe 9 Novemba 1991, katika kituo cha nyuklia cha Salem, New Jersey, wafanyakazi walikuwa wakipima vifaa vya ulinzi wa turbini ya kitengo namba 2. Wakati wa jaribio, wenzo wa majaribio uliokuwa umeshikiliwa ulikuwa umekizuia kwa muda kizimio cha kimakanika. Shinikizo la mafuta likashuka kwa kitambo kifupi, mtambo ukazimwa, kisha likarudi. Valvu za solenoidi, zinazosogezwa kwa sumaku ya umeme, zilizopaswa kuziweka valvu za mvuke zikiwa zimefungwa hazikusogea, zilikuwa zimekwama. Valvu za mvuke zikafunguka tena wakati jenereta imekwisha kukatwa kwenye gridi. Turbini iliyopaswa kwenda mizunguko 1,800 kwa dakika ikafika takriban 2,900. Mapanga yakatoboa ganda lake, na haidrojeni ya kupoza jenereta pamoja na mafuta vikashika moto. Kwa bahati hakuna aliyekufa.

Ukiitazama ajali hiyo kwa utulivu utaona kwamba karatasi za mtambo zilionyesha ulinzi wa kutosha. Kilichokosekana ni kuhakikisha kwamba kila solenoidi, peke yake, inasogea. Jaribio linalovipima vyote kwa mkupuo haliwezi kukuambia kwamba kimoja kimekwama, maana wenzake wanamfanyia kazi.

Somo jingine linahusu umeme wenyewe. Kizimio kinachohitaji umeme ufike ndipo kifunge kitakuangusha siku waya utakapokatika au betri itakapokufa. Kilicho bora ni kile ambacho umeme au shinikizo la mafuta hukishikilia wazi, na springi au uzito hukifunga mara nguvu hiyo inapokosekana. Utazimiwa mtambo mara nyingine kwa waya uliolegea, na hiyo ni bei ninayoona inafaa kulipwa.

“Usikiguse kinachofanya kazi”

Fito ya valvu isiyosogezwa kwa miezi hushikwa na kutu, au hujengewa ukoko wa chumvi zilizobebwa na mvuke mchafu. Pini ya dharura hukwama kwenye tundu lake. Njia rahisi kwa injini ndogo ni kuizima kila jioni kwa kutumia kizimio chenyewe badala ya valvu ya kawaida. Hapo unajua jana kilifanya kazi. Kwa turbini, valvu husogezwa sehemu ya njia yake mtambo ukiwa kazini ili kuonekana kama iko huru.

Lakini jaribio la kuuvusha mtambo mwendo wake ni jambo zito, nalo halifanywi kwa haraka. Mwezi Februari 2011, kitengo namba 4 cha kituo cha Duvha, Afrika Kusini, kiliharibika vibaya katika jaribio la namna hiyo. Kabla ya kupandisha mwendo, kwanza zima kwa mkono ukiwa kwenye mwendo wa kawaida na uone valvu zinafunga hadi mwisho. Kisha hakikisha valvu zilizofungwa hazivujishi mvuke wa kutosha kuizungusha turbini. Weka kipima mwendo cha pili kisichotegemea cha kwanza, mteue mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kuzima, na kubalianeni mapema ni mwendo gani ambao hamtauvuka hata kizimio kisipofanya kazi.

“Imetripu bila sababu, ifunge waya tuendelee”

Mwaka 1803 boila ya injini ya Richard Trevithick ililipuka huko Greenwich, Uingereza, na kuua watu. Injini ilikuwa imesimamishwa huku valvu ya usalama imezuiwa isifunguke. Trevithick aliitikia kwa kuweka valvu mbili za usalama na plagi ya risasi. Zaidi ya karne mbili zimepita, na bado unakuta kipande cha waya au kabari ya mbao mahali ambapo springi inapaswa kuwa huru.

Kizimio kinachozima ovyo kina sababu: springi imechoka, kishikio kinachoizuia valvu isifunge kimelika, mtikisiko umezidi, au mwendo ulipanda kweli na hakuna aliyekuwa akitazama geji. Sababu hii ya mwisho ni rahisi kuipuuza kwa kuwa mtambo ukishazimwa kila kitu kinaonekana shwari. Andika mwendo, mzigo na shinikizo lilivyokuwa, halafu kagua. Kisha, kabla ya kurudisha kishikio, funga valvu kuu kwa mkono. Usipofanya hivyo mvuke utaingia wote kwa mara moja kishikio kinaposhika. Subiri mwendo ushuke pia, kwa sababu pini ya dharura hairudi ndani ya shafti mpaka springi iweze tena kuishinda nguvu inayoivuta nje, na mkono uliolazimishwa mapema utagongwa nayo.