Mchezaji akiuzwa nje, nyumbani wanapata nini?

Kila Mtanzania anaposhinda nje ya nchi, simu yangu hupata kazi. Wanaonipigia hawaulizi muda wala raundi. Wanauliza, "Hapo serikali inakata ngapi?" Huku Tanga swali hili lilishika moto tangu Septemba 2018, bondia Hassan Mwakinyo alipommaliza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham. Mtoto wa nyumbani kashinda Uingereza, basi kuanzia Makorora hadi Chumbageni kila mtu akawa mhasibu wake.

Kazi yangu ni kusoma mikataba ya wanamichezo. Ningependa kuisoma kabla haijasainiwa, lakini wengi huniletea ikiwa na saini tayari na dole gumba juu. Kwa mpira, jibu langu ni fupi: TFF, shirikisho letu la mpira wa miguu, haimkati Mbwana Samatta mshahara wake. Anachovuna mchezaji nje ni chake, baada ya kodi na wakala. Ila kuna hela nyingine, ambayo haimo mfukoni mwa mchezaji kabisa, na hiyo ndiyo timu zetu za mtaani zinaiacha ipite. Kabla sijaifikia hiyo, nipite kwanza kwenye nchi ambako jibu si fupi.

Yao Ming alipochaguliwa wa kwanza na Houston Rockets ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2002, hakuondoka Shanghai kwa kuaga tu. Klabu yake, Shanghai Sharks, ilitaka ilipwe, na chama cha mpira wa kikapu cha China pamoja na mamlaka za michezo vilitaka fungu la mapato yake ya Marekani. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mtoto mwenye kipaji China huchukuliwa na shule ya michezo ya serikali akiwa mdogo. Hulishwa, hulazwa, hufundishwa na kusafirishwa kwa fedha za umma. Siku ya mavuno, aliyelima naye anataka gunia lake. Yao hakuligombania sana hilo. Mwaka 2009 aliinunua Shanghai Sharks yenyewe, na mwaka 2017 akawa mwenyekiti wa chama kilekile kilichokuwa kikimdai. Mwenzake Wang Zhizhi, Mchina wa kwanza kucheza NBA, alikataa kurudi kambini kwa timu ya taifa mwaka 2002 na akafukuzwa kikosini. Alikuja kurudi nyumbani mwaka 2006.

Kwenye tenisi makato yalikuwa makali zaidi. Wachezaji wa China walikuwa wakiiachia mamlaka asilimia 65 ya zawadi zao. Mwishoni mwa 2008, Li Na, Zheng Jie, Yan Zi na Peng Shuai wakaruhusiwa kujitegemea, na makato yakashuka hadi kati ya asilimia 8 na 12. Li Na akachukua French Open mwaka 2011 na Australian Open mwaka 2014. Watu wakisimulia habari hii huishangilia hiyo asilimia 8 na kuisahau bili iliyokuja nayo. Kuanzia siku ile kocha, tiketi, hoteli na daktari wa misuli vikawa juu ya mchezaji mwenyewe. Kwa Li Na ililipa. Kwa mchezaji wa nafasi ya 300 duniani, asilimia 65 ya zawadi ndogo huenda ni nafuu kuliko kumlipa kocha mshahara mwaka mzima.

Urusi ya Kisovieti haikuwa na hata huo mlango. Mwaka 1989, Natasha Zvereva alitoka kwenye fainali ya tenisi na Steffi Graf kule Hilton Head, Marekani, akasema hadharani kwamba anataka abaki na hela anazoshinda. Mwaka huohuo Viacheslav Fetisov akaenda kucheza hoki New Jersey, baada ya kugomea masharti ya kuiachia serikali sehemu kubwa ya mshahara. Korea Kaskazini ndiyo imefika mbali kuliko wote: Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2397 la Desemba 2017, liliziagiza nchi ziwarudishe kwao Wakorea Kaskazini wanaofanya kazi nje, kwa kuwa kipato chao kilihesabiwa kuwa ni kipato cha dola. Mshambuliaji Han Kwang-song, aliyewahi kusajiliwa na Juventus, alinaswa na azimio hilohilo sawa na anavyonaswa kibarua wa ujenzi.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wangu wa Tanga wafungue macho. Kote huko, fungu la nyumbani lilikatwa kwenye mkono wa mchezaji. Ameshalipwa, kisha anadaiwa. Ndiyo maana mambo huishia kwenye ugomvi, kutoroka au kufukuzwa.

Wajapani walilitatua kwa njia nyingine. Mchezaji wa besiboli akitoka ligi ya Japan kwenda Marekani kabla hajawa huru kuhama atakako, klabu mpya hulipa ada kwa klabu ya zamani, nje ya mshahara. Ada huhesabiwa hivi: asilimia 20 ya dola milioni 25 za kwanza za mkataba, asilimia 17.5 ya milioni 25 zinazofuata, na asilimia 15 ya zinazobaki. Yoshinobu Yamamoto aliposaini dola milioni 325 na Los Angeles Dodgers Desemba 2023, Orix Buffaloes, klabu aliyotoka, ilipata kama dola milioni 50.6. Yeye hakupunguziwa hata senti. Yaani hiyo milioni 50 haikupita kwenye akaunti yake hata usiku mmoja!

Cuba nayo ilikaribia kufika hapo. Kwa miaka mingi wachezaji wao wa besiboli walikuwa wakitoroka kwa boti, wengine mikononi mwa wasafirishaji haramu. Desemba 2018 ligi kuu ya Marekani na shirikisho la Cuba wakakubaliana kwamba klabu itakayomsajili Mcuba italipa ada kwa shirikisho: kati ya asilimia 15 na 20 ya mkataba wa ligi kuu, au asilimia 25 ya bonasi ya kusaini kwa mkataba wa ligi ndogo. Aprili 2019 serikali ya Trump ikaufuta mpango mzima, ikisema shirikisho lile si chama cha michezo bali ni serikali ya Cuba yenyewe. Mimi naona waliouua mpango ule waliwarudisha vijana kwenye boti, lakini hiyo ni siasa, na siasa si fani yangu.

Kwa wakimbiaji na mabondia wetu mambo ni tofauti, kwa sababu riadha na ngumi hazina ada ya uhamisho. Kuna zawadi au malipo ya pambano, na makato yote yanatoka hapohapo. Chukua marathoni ya Boston ya 2025, ambako Mtanzania Alphonce Simbu alimaliza wa pili. Zawadi ya nafasi ile ilikuwa dola 75,000. Hesabu za Simbu mwenyewe ni siri yake, kwa hiyo nasema habari za mkimbiaji yeyote asiye mkazi wa Marekani. Kawaida kodi ya kule huzuiwa asilimia 30 kabla hujaiona hela: 22,500 zimekwenda. Wakala huchukua asilimia 15, na mikataba mingi huihesabu kwenye jumla kabla ya kodi: 11,250. Zimebaki 41,250, na kocha na wenzake wa mazoezini bado wako mlangoni. Bondia akipigana Uingereza huzuiwa asilimia 20 ya kodi, na kama pambano ni la mkanda wa dunia, chama kinachotoa mkanda huchukua ada ambayo kawaida ni asilimia 3 ya malipo yake.

Halafu kuna TRA, mamlaka yetu ya kodi, ambako watu wengi hujisahau. Mkazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa kipato chake cha duniani kote, si cha hapa tu. Nchi yetu ina mikataba ya kuzuia kodi mara mbili na nchi tisa tu, zikiwemo India, Afrika Kusini, Italia na Sweden. Marekani na Uingereza hazimo. Hata hivyo sheria yetu ya kodi ya mapato inakuruhusu kupunguziwa kodi uliyokwisha kulipa nje, ila uwe na hati ya kuonyesha kwamba uliilipa. Nimeona vijana wanarudi na medali, jezi na picha elfu moja kwenye simu, lakini ile karatasi ya kodi wameiacha hotelini. Karatasi ile ina thamani kuliko jezi.

Sasa mpira, na ile hela niliyoitaja mwanzo.

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kwa ada kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo igawiwe kwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Huitwa mchango wa mshikamano. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una asilimia 0.25 ya ada. Kila msimu kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5. Mchezaji hakatwi, na klabu inayonunua haiongezi kitu: inazuia asilimia 5 kwenye ada ileile na kuwapa waliolea. Na si mara moja. Akiuzwa tena miaka mitano baadaye, hesabu inarudiwa.

Weka kijana wa kufikirika. Amecheza timu ya mtaani hapa Ngamiani tangu miaka 13 hadi msimu wa miaka 17, kisha akapita Coastal Union, akaenda nje, na baadaye klabu moja ya Ulaya ikamuuza kwa nyingine kwa euro milioni 2. Misimu mitatu ya mwanzo ina euro 15,000, na miwili inayofuata ina 20,000. Jumla 35,000, ambazo kwa shilingi hazipungui milioni 90. Timu inayochangishana nauli ya kwenda Muheza ingekuwa na basi lake.

Ipo pia fidia ya mafunzo, anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa au akihama nchi kabla msimu wa miaka 23 haujaisha. Viwango vinafuata daraja la klabu inayompokea: klabu za daraja la juu Ulaya hupimwa kwa euro 90,000 kwa mwaka wa malezi, zile za daraja la nne 10,000. Kwa Afrika daraja la nne ni dola 2,000. Ina masharti mengi, siyamalizi leo.

Nilimweleza haya katibu wa timu moja ya mtaani, mzee ambaye amelea vijana tangu nikiwa mtoto nachungulia mechi kwenye ukuta wa uwanja wa Mkwakwani. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza:

"Mwanangu, hizo hela nikazidai wapi? Nauli ya kwenda huko Ulaya nani atanipa?"

"Jasho lako mzee wangu halijapotea," nikamwambia. "Huendi popote. Unadai hapa hapa, kwa karatasi."

Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi ya malipo Paris inayokusanya na kugawa fedha hizi. Mchezaji akiuzwa, mfumo unatengeneza pasipoti yake ya kielektroniki: kila klabu aliyosajiliwa, tarehe kwa tarehe. Inavutwa kutoka kwenye usajili wa mashirikisho. Kama TFF haina kumbukumbu kwamba kijana alikuwa kwako akiwa na miaka 14, pasipoti inatoka na pengo pale ulipokuwa wewe. Picha ya timu ukutani na ushahidi wa majirani ni kazi ngumu sana kuviingiza hapo. Na klabu ikionekana, bado lazima ipite ukaguzi: akaunti ya benki kwa jina la klabu, viongozi wanaojulikana, nani anaimiliki. Timu ambayo fedha zake zinakaa kwenye simu ya mweka hazina haitavuka.

Kuna kifungu kingine ambacho viongozi wa wilaya hawapendi nikitaja. Klabu iliyolea ikiwa imekufa na haishiriki tena mpira, fungu lake linaweza kudaiwa na shirikisho la nchi, kwa masharti kwamba litumike kuendeleza vijana. Kwa hiyo hata hela za timu zilizokwisha kufa Tanga zina mwenyewe, kama kuna anayeandika majina.

Lakini tatizo kubwa zaidi huku kwetu si TFF wala Paris. Ni umri. Kijana anasajiliwa mashindano ya shule akiwa na miaka 15, kwenye ndondo za mtaani anaandikwa 17 ili asionekane mdogo, kisha wakala anamtengenezea pasipoti ya kusafiria ya miaka 16 ili auzike. Kila msimu kwenye mchango wa mshikamano unahesabiwa kwa siku ya kuzaliwa. Ukibadilisha mwaka mmoja, misimu yote inasogea, na mfumo unaweza kumwona kijana mmoja kama watu wawili. Wanaopunguza umri hudhani wanamwongezea mchezaji bei. Mara nyingi wanaifuta timu iliyomlea.

Nilimwomba katibu alete orodha ya vijana wake wa chini ya miaka 15 na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya RITA. Ameleta. Vingi vimekaa sawa. Wachache tarehe zao hazilingani na za shule, na mmoja hana cheti kabisa kwa kuwa alizaliwa nyumbani, Pangani. Huyo tumeanza naye, maana usajili wa msimu haungoji.