Upako mwembamba hauhitaji mamilioni ya elementi

Wengi wanaokokotoa joto kwa njia ya elementi, yaani kompyuta inagawanya kitu kuwa vipande vidogo (elementi) na kukokotoa kila kimoja, huamini kwamba upako, hata uwe mwembamba kama unywele, lazima ujazwe vimchemraba tabaka tano ndipo jibu liaminike. Si kweli, na imani hiyo inapoteza siku nzima za kazi.

Chukua pangaboi la turbini ya gesi: ukuta wa aloi ya nikeli milimita 3, juu yake upako wa zirkonia (kauri inayozuia joto) milimita 0.25. Vimchemraba vya milimita 0.05 kwenye eneo la sentimita 10 kwa 10 tu vinafika milioni 20, upako peke yake! Kompyuta inakesha bure. Joto likishatulia, ndani ya upako halijoto hushuka kwa mstari ulionyooka, na mstari huo unahitaji nukta mbili tu, juu na chini. Gawanya unene (kwa mita) kwa upitishaji joto, upate ukinzani, yaani kiasi upako unavyozuia joto, kisha uweke ukinzani huo kwenye mpaka, juu ya uso wa ukuta, badala ya vimchemraba.

Ila usiufute upako kwenye hesabu kwa kuwa ni mwembamba. Hilo ni kosa baya zaidi. Zirkonia ina upitishaji joto wa takriban wati 1 kwa mita kwa kila nyuzi, aloi kama 25. Ukinzani wa upako ni 0.00025, wa ukuta 0.00012. Joto likipita kwa wati milioni 1 kwa kila mita ya mraba, nyuzi 250 zinashuka ndani ya robo milimita.

Tabaka nyingi zina kazi pale joto linapobadilika ghafla, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla upako haujatulia.