Kamusi Nzima Haiifundishi Kompyuta Beseni ni Nini

Wengi huamini kwamba ukiiwekea kompyuta maana ya kila neno, itakuwa imevielewa vitu vyenyewe. Sivyo.

Mama anayeuza omena soko la Kibuye, Kisumu, akijitwika beseni hahitaji kuambiwa kwamba omena wanasafiri nalo, wala kwamba likiinama watamwagika. Hifadhi ya maarifa ya kompyuta, yaani mkusanyiko wa kauli ambazo mashine hutumia kufikia majibu, haijui hata hilo mpaka mtu aiandikie kimantiki: kilichomo ndani ya chombo huhama pamoja na chombo, chombo kilicho wazi kikipinduliwa, kilichomo huanguka. Kisha vighairi: isipokuwa kimefunikwa, isipokuwa kilichomo kimegandia humo. Hapo ndipo penye kazi, na wanaoifanya wanastahili heshima kubwa. Mwaka 1984 Douglas Lenat, mtaalamu wa akili bandia, alianzisha mradi wa Cyc huko Marekani kwa lengo hilohilo, na kauli za namna hii zikaandikwa hadi zikafika mamilioni.

Hata kuwa ndani kuna aina zake. Omena wamo ndani ya beseni, msumari umo ndani ya ubao. Lakini ukiupindua ubao, msumari hauanguki. Mashine isipotenganishiwa mahusiano hayo mawili, itajibu kwamba msumari umeanguka.